Keki Imegoma Baada ya Kugeuza Vikombe Kuwa Gramu: Tafuta Kosa Lako Hapa

Malalamiko hufanana kila Ramadhani, kila Krismasi na kila msimu wa harusi. "Resipi nimeifuata yote, keki imetoka kavu." "Maandazi yananata mikononi, sijui nimekosea wapi." Ukichunguza, mara nyingi resipi iliandikwa kwa vikombe na mpishi akatumia mizani, au iliandikwa kwa gramu naye ana kikombe tu, na katikati pakafanyika hesabu ya haraka. Oveni inalaumiwa, unga unalaumiwa, hata mayai hayasalimiki, lakini hesabu ile haiguswi.

Hapa chini makosa yamepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka. Usinunue unga mwingine wala kumwita fundi wa oveni kabla hujamaliza ukaguzi mwepesi.

## Kabla ya dalili yoyote: pima kikombe chako

Kikombe hupima nafasi, mizani hupima uzito. Viwili hivi hukutana kwenye maji tu: mililita 1 ya maji ina gramu 1. Kila kiungo kingine kina namba yake. Wauza nafaka wa pwani walilijua hili zamani. Palikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kikafanya kichwa, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na hakuna aliyevihesabu kuwa kitu kimoja. Resipi inayosema "unga kikombe 1" bila kueleza kimejazwaje inakuachia swali lile lile.

Halafu vikombe vyenyewe havilingani. Kikombe cha Marekani ni mililita 237, ingawa kwenye lebo za vyakula vya huko huandikwa 240. Cha Australia, New Zealand, Kanada na Afrika Kusini ni 250. Cha Japani ni 200. Resipi za zamani za Uingereza huweza kumaanisha nusu painti, yaani 284. Na kile kikombe kikubwa cha chai kilichoko kabatini kwako huenda kikachukua 300 au zaidi.

Ukaguzi wake hauhitaji kifaa cha gharama. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita ambayo bado haijafunguliwa. Mimina kwenye kikombe chako hadi ukingoni, mara mbili. Maji yakiisha sawasawa, kikombe ni cha 250. Yakibaki pungufu kidogo ya vijiko viwili vya chakula, ni cha Marekani. Yakiisha kabla kikombe cha pili hakijajaa, una kikombe kikubwa, na resipi yoyote uliyoipimia humo iliongezeka bila wewe kujua.

Namba zifuatazo ni za kikombe cha Marekani cha mililita 237, kilichosawazishwa juu. Kwa kikombe cha 250, ongeza kama sehemu moja ya ishirini.

- Unga wa ngano uliomiminwa kwa kijiko bila kushindiliwa: gramu 120 hadi 125
- Unga huo huo uliochotwa kwa kuzamisha kikombe kwenye mfuko: gramu 140 hadi 150, na wakati mwingine zaidi
- Sukari ya kawaida: 200
- Sukari ya kahawia iliyoshindiliwa: 213 hadi 220
- Sukari ya unga (aisingi): 115 hadi 120
- Siagi: 227
- Mafuta ya kupikia: karibu 218
- Maziwa: 244
- Asali: 335 hadi 340
- Kakao: 85 hadi 100
- Nazi kavu iliyosagwa: 85 hadi 90
- Mchele mkavu: 185 hadi 200
- Wanga wa mahindi: 120 hadi 128

Tazama unga na asali: ujazo ule ule, uzito karibu mara tatu. Kwa sababu hiyo hakuna namba moja ya kugeuza vikombe vyote.

## Dalili: donge ni gumu, keki kavu, imepasuka juu na kuvunjika ukiikata

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote, na karibu kila mara unga umezidi.

Umechukua kikombe kuwa gramu 250. Mtu anaona kikombe chake kimeandikwa 250, anasahau kuwa hizo ni mililita, anapima unga gramu 250 kwa kila kikombe. Resipi ilitaka 120. Unga umekuwa maradufu na zaidi, na donge linakataa hata kushikana. Ukaguzi: gawanya gramu za unga ulizopima kwa idadi ya vikombe vilivyoandikwa. Jibu likipita 160, umepata kosa.

Umechota kwa kuzamisha kikombe. Unga uliokaa kwenye mfuko umejishindilia wenyewe. Ukizamisha kikombe, ukakigonga mezani ili "kijae vizuri", unaingiza unga mwingi kuliko mwandishi alivyokusudia. Chukua mfano wa keki ya vikombe 3. Mwandishi wa Marekani aliyemimina kwa kijiko alitumia gramu 360 hadi 375. Wewe ukichota kwa kuzamisha kikombe cha 250, kila kimoja huweza kufika gramu 160, jumla 480. Umeongeza zaidi ya gramu 100, yaani karibu kikombe kizima cha ziada, na bado unaweza kuapa kwamba umeweka vikombe vitatu. Unasema kweli, ila vikombe hivyo na vya mwandishi ni vitu viwili.

Dawa yake ni kukoroga unga ndani ya chombo chake ulegee, kuumimina kwa kijiko kwenye kikombe hadi upite ukingo, kisha kufuta kwa mgongo wa kisu. Usigonge, usitikise.

Umechekecha mahali pasipo pake. "Unga uliochekechwa, kikombe 1" na "unga kikombe 1, kisha uchekeche" ni maagizo mawili. Katika agizo la kwanza unachekecha ndipo unapima, na kikombe kinabeba unga mwepesi wa gramu 100 na kitu. Katika la pili unapima ndipo unachekecha. Kwa kikombe kimoja tofauti ni ndogo, lakini kwa keki ya vikombe vitano inaonekana mdomoni. Ukishapima kwa mizani swali hili linakufa, maana gramu 125 zilizochekechwa na zisizochekechwa ni gramu 125.

Unga wa aina nyingine. Unga wa ngano nzima, wa atta, hunywa maji zaidi kuliko unga mweupe hata uzito ukiwa sawa. Hapo hesabu yako ya gramu ni sahihi, ila kimiminika kinahitaji kuongezwa.

Ikiwa donge tayari liko kwenye bakuli: la mkate, chapati au maandazi linaokoleka. Ongeza maziwa au maji kijiko kimoja cha chakula kwa wakati, kanda, pumzisha dakika chache, gusa tena. Rojo la keki lina nafasi finyu zaidi. Vijiko viwili vitatu vya maziwa vinaweza kulifaa ikiwa limezidi kidogo. Likiwa limezidi kwa kikombe, kukoroga zaidi kutafanya keki iwe ya kutafuna. Oka, kula na chai, na urekebishe mara ijayo.

## Dalili: rojo jepesi mno, donge linanata, keki imezama katikati

Sasa mambo yamegeuka: unga umepungua, au kimiminika na sukari vimezidi.

Sababu inayoongoza ni ile ile ya gramu na mililita, safari hii kwa upande wa pili. Resipi inasema unga gramu 500. Mpishi ana kikombe cha mililita 250, anasema "viwili vinatosha". Vikombe viwili vya unga ni kama gramu 260. Nusu ya unga haipo. Kwa kikombe cha Marekani, gramu 500 ni vikombe vinne. Kwa cha 250 ni karibu vinne pungufu kidogo.

Ya pili ni aunsi. Resipi za Marekani na za zamani za Uingereza zina aunsi mbili: ya uzito, gramu 28.35, ile wazee waliyoiita wakia, na ya ujazo, karibu mililita 30 kwa Marekani. Kikombe cha Marekani kina aunsi 8 za ujazo. Mtu akikutana na "unga aunsi 8" anaweka kikombe kimoja, gramu 120, wakati aliyeandika alimaanisha uzito, gramu 227. Kanuni ya kushika: kwa unga, sukari, siagi na chokoleti, chukulia aunsi ni ya uzito, kwa maziwa, maji na mafuta, chukulia ni ya ujazo, mpaka resipi yenyewe ikwambie vingine. Painti nayo ina sura mbili: 473 Marekani, 568 Uingereza. Ratili moja ni gramu 454 na haina utata.

Ya tatu ni asali. Resipi inataka asali gramu 100, mpishi anakumbuka kuwa nusu kikombe cha sukari ni gramu 100, anamimina nusu kikombe cha asali. Hiyo ni gramu 170. Keki inakuwa nyevu katikati na kuungua pembeni, maana asali hugeuka kahawia mapema.

Kwa maandazi na mahamri kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaitazamii. Resipi nyingi za nyumbani kwetu zilizoandikwa kwa vikombe zimetoka kwa mikono inayochota kwa kuzamisha. Ukichukua resipi ya namna hiyo, vikombe 4 vya unga na kikombe 1½ cha tui, ukaigeuza kwa namba nyepesi ya 125, unapata unga gramu 500 na tui 355. Tui limekuwa asilimia 71 ya unga. Donge hilo litanata hadi kwenye viwiko. Geuza kwa 150: unga unakuwa gramu 600, tui asilimia 59, na sasa kuna kitu cha kusukuma, ingawa kwa maandazi bado ni laini. Kwa hiyo usigeuze resipi ya mama wa Tanga kwa jedwali la Marekani. Kama mwenye resipi yupo, mwombe achote mara tatu kama anavyochota siku zote, pima kila mara, chukua wastani. Namba hiyo ndiyo ya kweli kwa resipi yake, na inafaa kuandikwa kabla mikono hiyo haijapumzika.

Kabla ya kuongeza unga kwenye donge linalonata, lifunike na uliache dakika 20. Unga hunywa maji taratibu, na donge lililoonekana kushindikana hukaza lenyewe. Wengi huharibu maandazi dakika hizo, kwa kumwaga unga mkavu ambao haukuhitajika.

## Dalili: ladha ya sabuni, chumvi kali, au keki haikupanda

Hapa tunaingia kwenye vijiko. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5. Cha chakula ni 15, isipokuwa Australia ambako ni 20. Vijiko vya kulia vya nyumbani havikutengenezwa kwa kupimia, na tofauti ya mililita mbili ambayo kwenye sukari huioni, kwenye beking soda unaionja.

Angalia kwanza kama kijiko kilikuwa na kichwa. Kijiko cha chai cha beking poda kilichofutwa juu ni kama gramu 4. Chenye kichwa kinaweza kufika mara mbili yake.

Kisha angalia kama umebadilisha poda kwa soda. Beking soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya beking poda, na inahitaji kitu kichachu kama mtindi, maziwa lala au ndimu. Kwa gramu 120 za unga, beking poda kijiko 1 cha chai au kuzidi kidogo kinatosha. Beking soda, robo kijiko. Aliyeweka vijiko viwili vya soda mahali pa poda ndiye anayepata sabuni.

Chumvi ina kosa lake maalumu. Resipi za Marekani hutaja chumvi ya kosher, yenye chembe kubwa nyepesi. Kijiko cha chai cha baadhi yake ni gramu 3 tu, ilhali chumvi yetu laini ya mezani ni karibu gramu 6. Ukifuata vijiko, mkate wako umepata chumvi maradufu. Kwa mkate, lenga gramu 10 za chumvi kwa gramu 500 za unga, basi.

Na kama keki imebaki bapa ingawa vijiko vyote ni sawa, soma resipi tena. Waingereza hutumia sana unga ambao tayari una beking poda ndani (self-raising). Ukigeuza gramu zake vizuri lakini ukaweka unga wa kawaida, hakuna kitakachoiinua. Ongeza vijiko 2 vya chai vya beking poda kwa kila gramu 150 za unga wa kawaida.

## Dalili: mkate unaumuka kwa kasi, unanuka hamira, kisha unashuka

Sababu ya kwanza ni neno "pakiti". Resipi ya Marekani ikisema pakiti 1 ya hamira, ni gramu 7, sawa na vijiko 2¼ vya chai. Pakiti nyingi zinazouzwa madukani Afrika Mashariki ni za gramu 11, kama vijiko 3½. Ukimwaga yote kwenye unga gramu 500, na jikoni ni joto la Dar es Salaam au Mombasa, donge litapanda na kuchoka ukiwa bado unatafuta sinia. Soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Kijiko cha chai cha hamira ya papo hapo ni kama gramu 3.

Ya pili ni aina ya hamira. Hamira mbichi ya kipande ikibadilishwa kwa ya papo hapo, tumia theluthi ya uzito. Gramu 21 za mbichi ni gramu 7 za punje kavu.

## Dalili: biskuti zimetandaa, keki inaacha mafuta kwenye karatasi

"Stiki" ya siagi kwenye resipi za Marekani ni gramu 113, yaani nusu kikombe au vijiko 8 vya chakula. Sisi tumezoea kipande au kopo la gramu 250. Resipi ikisema stiki 2, ni gramu 227, na anayetupia kopo zima ameongeza gramu 23. Kwa keki kubwa huenda usione. Kwa biskuti utaona.

Kosa zito zaidi ni kubadilisha siagi kwa mafuta, kikombe kwa kikombe. Siagi ina mafuta karibu asilimia 80, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Mafuta ya kupikia ni mafuta matupu. Gramu 227 za siagi zina mafuta halisi gramu 182 hivi, sawa na mililita 198 za mafuta ya kupikia. Ukijaza kikombe kizima umezidisha, na wakati huo huo umeondoa maji ambayo unga uliyategemea. Weka mafuta gramu 180, ongeza maziwa vijiko viwili vya chakula.

Majarini nazo zinatofautiana sana kwa kiasi cha mafuta. Zile laini za kupaka mkate zina maji mengi zaidi, na biskuti zake hutandaa hata kipimo kikiwa safi kabisa. Soma lebo.

## Dalili: vitumbua vizito au vinashika chuma, mkate wa kumimina haukai

Mchele hupimwa kabla ya kulowekwa. Ukilala kwenye maji usiku kucha, mchele huongezeka uzito kwa karibu robo. Gramu 400 za mchele mkavu hutoka kwenye maji zikiwa karibu 500. Aliyepima gramu 400 baada ya kuloweka ametumia mchele wa kama gramu 320, kisha anaweka tui la mchele wa 400. Rojo linakuwa jepesi, vitumbua vinanyonya mafuta na kushika. Mchuje vizuri pia: maji yanayobaki kwenye mchele huingia kwenye rojo bila kuandikwa popote.

Ukitumia unga wa mchele wa dukani, usiubadilishe kwa mchele kikombe kwa kikombe. Kikombe cha unga huo ni karibu gramu 158, pungufu ya mchele wenyewe, nao ni mkavu kabisa.

## Dalili: mizani inatoa namba tofauti kila mara

1. Imekaa juu ya kitambaa, meza inayoyumba, au bakuli linagusa ukuta. Iweke kwenye sehemu ngumu iliyo bapa.
2. Kipimo kimebadilika. Kitufe kile kidogo huhama kutoka gramu kwenda aunsi au mililita ukikigusa bila kujua. Hapa pana mtego mkubwa: mizani haijui umeweka nini. Ikiandika "ml" inadhani ni maji, au maziwa kwa baadhi ya mizani. Mililita 250 za mafuta ya kupikia zitaandikwa kama 230, utaongeza hadi isome 250, na utakuwa umeweka mililita 270 na zaidi. Tumia gramu daima.
3. Betri imechoka. Namba zinapanda na kushuka zenyewe, au sifuri haitulii.
4. Unapima kitu kidogo mno. Mizani ya jikoni inayohesabu gramu moja moja haiaminiki chini ya gramu 5. Tena ukinyunyiza hamira kidogo kidogo, nyingine huihesabu kama mtikisiko na kubaki pale pale. Kwa hamira, chumvi na soda, tumia kijiko cha kupimia kilichofutwa juu, au mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu.
5. Mizani yenyewe imepotoka. Weka bakuli, bonyeza sifuri, mimina maji yote ya chupa mpya ya nusu lita. Isome 500 au karibu sana nayo. Ikisoma 470 leo na 470 kesho, haifai kwa kuoka, hata kama ni mpya.

## Dalili: kila namba ni sawa, keki bado haitii

Basi huenda kosa halimo kwenye ubadilishaji. Mayai: resipi za Marekani huhesabu yai kubwa, gramu 50 bila ganda. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo zaidi, na manne yake mara nyingi hufanya kazi ya matatu ya kisasa. Yapasue kwenye bakuli na uyapime kwa gramu kama kiungo kingine.

Mwinuko: Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya, Iringa na Kigali nazo ziko juu. Hewa ni nyepesi, gesi ya beking poda hutanuka zaidi, keki hupanda haraka kisha kuzama. Resipi iliyonyooka Zanzibar inaweza kuanguka Eldoret bila kipimo kubadilika. Kwa kila kijiko cha beking poda, punguza kiasi kisichozidi robo kijiko.

Oveni: nyuzi 350 za Fahrenheit ni 177 za Selsiasi. Aliyeweka 350 za Selsiasi anafahamu tayari kilichotokea.

## Ukarabati wa ndani: kagua uwiano

Ukishageuza resipi nzima kuwa gramu, usikimbilie bakuli. Fanya unga uwe 100, kisha ona kila kiungo ni asilimia ngapi yake. Mkate wa kawaida hukaa kwenye maji 60 hadi 65. Chapati, 55 hadi 65. Maandazi, tui au maziwa kama 45 hadi 55, maana sukari, yai na mafuta nayo hulegeza donge. Keki ya ratili, kama jina lake, ina uzito sawa wa unga, sukari, siagi na mayai. Biskuti za siagi za Kiskoti ni unga 3, siagi 2, sukari 1.

Ukipata mkate wenye maji asilimia 35 au biskuti zenye siagi nyingi kuliko unga, rudi kwenye hesabu, kuna kikombe kimesomwa vibaya. Hapo kosa limegharimu kalamu tu. Ukiridhika, andika gramu pembeni ya resipi kwa wino na uache kugeuza kila mara. Resipi inayogeuzwa upya kila wiki hukosewa upya kila wiki.

## Simama, usiendelee mwenyewe

Keki iliyobaki mbichi katikati, yenye mayai, isiliwe kwa kuchomoa sehemu zilizoiva. Irudishe kwenye moto ikiwa bado ya moto, au itupe. Rojo lililoingia kijiko cha chakula cha soda mahali pa kijiko cha chai halina tiba. Kuongeza ndimu na sukari kunaongeza hasara.

Vihifadhi vya mkate, kama kalsiamu propioneti, hupimwa kwa sehemu ndogo za asilimia ya uzito wa unga. Usivigeuze kuwa vijiko hata siku moja. Kama unataka mkate wa kuuza ukae siku nyingi rafuni, tafuta mtaalamu wa teknolojia ya chakula na ufuate viwango vya TBS (shirika la viwango Tanzania) au KEBS (la Kenya). Vivyo hivyo resipi za kuhifadhi vyakula kwenye chupa: ubadilishaji usio sahihi wa siki, chumvi au sukari huondoa kile kinachozuia sumu.

Ukiuza kwa uzito, mizani ya jikoni haitoshi. Sheria inataka mizani iliyohakikiwa: Tanzania ni kazi ya Wakala wa Vipimo, Kenya ni idara ya serikali ya vipimo. Usifungue mizani yenye lakiri ili "kuirekebisha", waite wao. Na kwa mizani yoyote, betri iliyovimba au kuvuja isichokonolewe kwa kisu karibu na unga.

Anayeokea mgonjwa wa kisukari anayehesabu wanga kwa ajili ya insulini asitumie vikombe kabisa, na asitegemee jedwali la mwongozo huu. Apime kwa gramu na ampelekee mtaalamu wa lishe wa hospitali resipi yenyewe, pamoja na uzito wa kipande anachokula mgonjwa.

Oveni ya gesi ikinuka gesi ukiwa unatafuta kosa la keki, acha keki. Funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje na umwite fundi wa gesi.